Kompyuta inapokwama, usikimbilie swichi ya ukutani

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

KATIKA maduka ya steshenari ya Vingunguti, wilayani Ilala, kompyuta ya mezani ndiyo jembe la kila siku. Hapo huandikwa wasifu wa kijana anayetafuta kazi katika viwanda vya Barabara ya Nyerere, huchapwa barua ya kupeleka serikali ya mtaa, na msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu unapowadia, ndipo mwanafunzi asiye na kompyuta nyumbani hujaziwa fomu yake.

Bahati mbaya, siku ya mwisho ya maombi ndiyo siku ambayo mashine huelemewa. Mshale hugeuka duara linalozunguka, foleni hurefuka mlangoni, na mhudumu aliyeishiwa subira huzima umeme ukutani. Hasara yake ni kubwa: kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea, na iwapo diski ilikuwa katikati ya kuandika, faili nzima au hata mfumo wenyewe huweza kuharibika.

Chanzo cha kukwama mara nyingi si ubovu wa mashine, bali ni wingi wa michakato. Mchakato ni programu iliyo katika kutenda. Una sehemu yake ya kumbukumbu ya muda na hupewa zamu ya kutumia prosesa. Mingine huonekana kama dirisha, lakini iliyo mingi hutenda kazi kimyakimya. Kompyuta iliyowashwa tu, kabla hata ya kufunguliwa chochote, huwa na makumi ya michakato.

Kumbukumbu ya muda ikijaa, mfumo huanza kuhamishia sehemu ya mzigo kwenye diski kuu. Diski za zamani za sahani inayozunguka ni za polepole mno kwa shughuli hiyo, na hapo ndipo taa ya diski huwaka mfululizo huku kwenye skrini hakuna kinachosogea.

Katika Windows, mahali pa kuyaona hayo yote ni Task Manager, programu iliyoanza na Windows NT 4.0 mwaka 1996. Hufunguliwa kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. (Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004, lakini vitufe vya kompyuta nyingi madukani bado husomeka kwa Kiingereza, hivyo majina yake hayana budi kutajwa yalivyo.)

Mtumiaji abofye kichwa cha safu ya Memory, na michakato itajipanga kuanzia mlafi kuliko wote. Mara nyingi mlafi huyo ni kivinjari. Chrome, tangu ilipotolewa mwaka 2008, hugawa kurasa zilizofunguliwa katika michakato mbalimbali ili ukurasa mmoja ukianguka usiangushe mingine. Ni mpango mzuri, ila kurasa 20 zilizosahauliwa wazi tangu asubuhi huimaliza mashine yenye gigabaiti 4. Kivinjari hicho kina meneja wake, hufunguliwa kwa Shift na Esc, ambamo ukurasa mmoja huweza kufungwa bila kugusa ule wenye fomu ya mteja.

Dirisha likiandikwa Not Responding, lisihesabiwe kuwa limekufa. Windows huweka maneno hayo baada ya programu kukaa takriban sekunde 5 bila kuitikia. Pengine inafungua waraka mzito tu. Ni vyema kusubiri dakika mbili tatu. Ikishindikana, ndipo programu ichaguliwe na kubonyezwa End task. Kitufe hicho hakiulizi kama kazi imehifadhiwa. Word kwa kawaida huweka nakala ya dharura kila baada ya dakika 10, hivyo kilichoandikwa baada ya hapo hakina dhamana.

Michakato ya mfumo wenyewe isiguswe. Anayelazimisha kufunga csrss.exe ataishia kwenye skrini ya buluu. Kuna pia svchost.exe, ambayo huonekana mara nyingi na kuwatia watu hofu bila sababu, kwa kuwa huduma nyingi za Windows huendeshwa kupitia jina hilo. Linalostahili shaka ni jina linalofanana nalo kwa herufi moja pungufu, au faili inayokaa nje ya folda ya Windows. Bonyeza la kulia kisha Open file location huonyesha ilipo. Katika maduka yanayopokea flashi za kila mpita njia, ukaguzi huu si wa anasa.

Programu zinazojiwasha pamoja na kompyuta nazo huzimwa katika sehemu ya Startup. Ya kukinga virusi iachwe.

Shida inayowasumbua zaidi wenye steshenari, hata hivyo, ni printa isiyotoa karatasi ilhali waraka umetumwa mara tano. Kosa huwa katika huduma iitwayo Spooler, inayopanga foleni ya uchapaji. Waraka mmoja mbovu ukikwama mbele, yote iliyo nyuma husubiri. Katika Task Manager, sehemu ya Services, Spooler hubonyezwa kulia na kuchaguliwa Restart. Ikigoma, huduma isimamishwe kwa Stop, folda ya PRINTERS iliyomo ndani ya C:\Windows\System32\spool isafishwe, kisha huduma iwashwe upya. Kinachofutwa hapo ni foleni pekee. Nyaraka zenyewe hubaki zilikohifadhiwa, na kila mteja aliyekuwa akisubiri hutumiwa wake upya.