Bei ya Kwenye Tanki na Bei ya Mfukoni: Kabla Hujamnunulia Kijana Pikipiki

Alizeti ikishavunwa na kuuzwa, katikati ya mwaka, maduka ya pikipiki ya Singida mjini hujaa watu. Ukipita utawaona: baba amevaa koti, mama ameshika mkoba kwa mikono miwili, na kijana aliyemaliza kidato cha nne anaizunguka pikipiki mpya kama mtu anayemkagua ng'ombe wa mahari. Familia imeuza magunia ya alizeti na pengine mbuzi wawili watatu, na mama amekopa kwenye kikoba. Fedha imehesabiwa nyumbani mara tatu, ikatimia. Wanafika dukani, haitoshi.

Jambo hili linatuhusu sana akina mama, kwani mara nyingi ni sisi tunaotafuta hicho kiasi kinachopungua. Baba alikwisha kutoa alichonacho na kijana hana kitu. Mama ndiye atakayempigia simu mweka hazina wa kikoba pale pale mlangoni mwa duka, na mama ndiye atakayeombwa aweke saini kuwa mdhamini. Basi ni vema tujue bei hiyo inapanda kwa njia gani.

KARATASI YA MAMA MMOJA

Mama mmoja tunayesali naye aliniruhusu nieleze yaliyoandikwa kwenye karatasi yake, ili wengine wafaidike. Bei iliyobandikwa juu ya tanki la pikipiki aliyoichagua ilikuwa Sh. 2,750,000. Alipokaa mezani kwa muuzaji yaliongezwa haya: usajili na namba Sh. 150,000, bima Sh. 70,000, keria na vyuma vya kukinga miguu Sh. 110,000, huduma ya ofisi Sh. 60,000; na usafiri kutoka Dar es Salaam Sh. 50,000. Jumla ikawa Sh. 3,190,000. Nyongeza peke yake ni Sh. 440,000.

Tusimlaumu muuzaji kwa kila kitu. Usajili ni gharama ya kweli, nayo hulipwa Mamlaka ya Mapato, TRA. Bima pia ni ya kweli, kwani chombo hakiruhusiwi barabarani bila walau ile tunayoiita bima ndogo. Hata hivyo, gharama hizo mbili zina risiti zake. Ada ya usajili ni moja kwa watu wote, na bima ina stakabadhi ya kampuni. Mnunuzi ana haki ya kuziona na kulipa kiasi kilichoandikwa humo. Ukiambiwa tu kwa mdomo "usajili ni laki moja na nusu", jibu la adabu ni kusema, "Sawa kaka, naomba risiti yake nikija kuchukua kadi." Mara nyingine kiasi hicho hushuka kabla hujamaliza kusema.

Keria na vyuma ni vitu vyenye faida, lakini mama huyu hakuviomba. Vilikuwa vimekwisha kufungwa, akaambiwa kuvifungua ni kuharibu rangi. Na huo usafiri wa kutoka Dar es Salaam? Ni kweli kwamba pikipiki husafiri karibu kilomita 700 ikiwa vipande ndani ya boksi, kisha fundi huiunganisha hapa hapa. Gharama ipo. Ila bei iliyobandikwa Singida ni bei ya Singida, na usafiri ungepaswa kuwa ndani yake tayari, kama vile nauli ya sukari imo ndani ya bei ya kilo tunayonunua sokoni. Kuhusu huduma ya ofisi, niliuliza ni huduma gani. Hakuna aliyenipa jibu.

Muuzaji yuko huru kupanga bei yake, kwa kuwa Serikali haipangi bei ya pikipiki. Asichoruhusiwa ni kupotosha. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bei ya bidhaa. Kubandika namba moja na kudai nyingine ni jambo linaloweza kulalamikiwa, nawe unaweza kuanzia kwa Afisa Biashara wa halmashauri yako. Wengi hatuendi kwa sababu tumekwisha kulipa na tunaona aibu.

"IMEBAKI MOJA TU"

Kuna nyongeza nyingine isiyoandikwa popote. Kijana ameipenda aina fulani inayosifika kwa kubeba mizigo kwenye barabara zetu za mchanga. Muuzaji anasema imebaki moja, na kuna mtu wa Iramba amekwisha kupiga simu, hivyo kama mnaitaka ongezeni laki mbili. Tena anasema hayo mbele ya kijana, akijua kabisa nani atamsukuma mama.

Wala haya si ya Singida peke yake. Huko Marekani wanunuzi wa magari mapya walisumbuliwa na bei zisizoeleweka mpaka mwaka 1958, ilipopitishwa sheria iliyoletwa na Seneta Mike Monroney wa jimbo la Oklahoma. Sheria hiyo ililazimisha kila gari jipya libandikwe dirishani karatasi inayoonyesha bei iliyopendekezwa na kiwanda na bei ya kila kilichoongezwa. Karatasi hizo zipo hadi leo. Lakini mwaka 2021 na 2022, vipande vidogo vya elektroniki viitwavyo chipu vilipoadimika duniani na magari yakawa machache, wauzaji wengi huko waliongeza maelfu ya dola juu ya bei ya karatasi, na watu wakalipa. Hiyo bei ya dirishani ni pendekezo tu, haimfungi muuzaji. Aliyepona ni yule aliyeweza kusubiri.

Nasi tunaweza kusubiri. Pikipiki si dawa ya malaria. Mwezi wa Septemba, wakulima wakishamaliza fedha zao, maneno ya "imebaki moja" hupungua sana.

MKATABA: HAPA NDIPO PENYE SHIMO

Niliyoyasema hadi sasa ni madogo. Nyongeza kubwa kuliko zote humpata yule asiyekuwa na fedha taslimu, naye ndiye aliye wengi. Huyu huchukua pikipiki ya mkataba: anatoa kianzio, kisha analeta hesabu kila siku mpaka muda uishe, ndipo pikipiki iwe yake.

Chukua kalamu tupige hesabu pamoja. Pikipiki ni ile ile ya Sh. 2,750,000. Kianzio Sh. 600,000, kwa hiyo deni linalobaki ni Sh. 2,150,000. Hesabu ni Sh. 10,000 kwa siku, siku sita kwa juma, kwa majuma 65, yaani miezi 15. Kila juma Sh. 60,000, majuma 65 ni Sh. 3,900,000. Ukijumlisha na kianzio, kijana atakuwa ametoa Sh. 4,500,000. Amelipa Sh. 1,750,000 juu ya bei ya kwenye tanki.

Linganisha na hili. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni, baada ya watu kulia sana na mikopo ya "kausha damu". Hata tukiitoza asilimia hiyo juu ya deni lote kila mwezi kwa miezi 15 bila kupunguza kilicholipwa, inakuja Sh. 1,128,750. Pikipiki ya mkataba imepita hapo kwa zaidi ya laki sita. Ukimwuliza mwenye pikipiki atakujibu kwamba yeye hakopeshi fedha, anauza pikipiki, na hiyo si riba. Neno "riba" halimo kwenye karatasi yake. Kilichomo ni shilingi elfu kumi kwa siku, na elfu kumi inaonekana ndogo.

Sasa hiyo elfu kumi inapatikana saa ngapi? Kijana hujaza mafuta, hula, hubadilisha oili, ndipo atafute hesabu. Siku ya mvua kubwa abiria hawapo. Siku ya homa hakuna atakayemwendeshea, na siku ya ugonjwa haimo kwenye mkataba. Basi deni la siku mbili hulipwa usiku. Sisi tunaofanya kazi wodini tunawapokea saa saba, saa nane za usiku, mfupa wa mguu umetokeza nje, na unapomwuliza alikuwa anakwenda wapi saa hizo anasema, "Sista, nilikuwa natafuta hesabu." Kijana aliyevunjika paja hakai kitandani juma moja. Ni miezi, na mkataba unaendelea kuhesabu. Nimewaona akina mama wakilipa hesabu ya pikipiki iliyolala kituo cha polisi huku wanatafuta fedha za chuma cha kuunga mfupa.

Hatari nyingine ni kunyang'anywa. Kijana amekwisha kulipa milioni tatu na nusu, anachelewa juma moja, pikipiki inachukuliwa na anapewa mtu mwingine aanze upya na kianzio kipya. Mchezo huu ni wa zamani. Uingereza katika miaka ya 1930 wauzaji wa samani na vyombo walifanya hivyo hivyo kwa familia maskini, wakisubiri deni likaribie kuisha ndipo wavichukue. Aliyeusimamisha alikuwa mwanamke, Ellen Wilkinson, mbunge wa Jarrow, mji uliokuwa umejaa watu wasio na kazi. Alipeleka muswada bungeni, ukawa sheria mwaka 1938. Sheria hiyo iliamuru mnunuzi aandikiwe bei ya taslimu kabla ya kuweka saini, ili aione tofauti kwa macho yake, na kwamba akishalipa theluthi moja, chombo kisichukuliwe bila amri ya mahakama. Baadaye, mwaka 1945, mama huyo akawa Waziri wa Elimu.

Mambo hayo mawili, bei ya taslimu kwa maandishi na masharti ya kunyang'anya, ndiyo ya kuyadai katika mkataba wowote unaoletewa utie saini. Yaombe yaandikwe: bei ya taslimu ni kiasi gani, jumla yote mpaka mwisho ni kiasi gani, siku za ugonjwa na matengenezo zitakuwaje, na ikichukuliwa, fedha iliyolipwa itarudi kiasi gani. Kama Kiswahili cha mkataba kimepindapinda, mpelekee msaidizi wa kisheria. Watu hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na msaada wao kwa wasio na uwezo ni bure. Muuzaji anayekataa mkataba usitoke nje ya duka hata kwa siku moja amekwisha kukujibu.

Nimesikia wengine wakisema kwamba Mkristo kudai karatasi ni kutomwamini mwenzake. Sikubali. Bwana Yesu mwenyewe, katika Luka sura ya 14, anamtaja mtu anayeketi kwanza kupiga gharama kabla ya kuanza kujenga mnara. Na tusijione watakatifu: Mithali sura ya 20 inamjua vizuri mnunuzi anayeikashifu bidhaa dukani kisha akifika nyumbani anajisifu jinsi alivyoipata. Karatasi inawazuia wote wawili.

KUPATA FEDHA TASLIMU

Njia ya kuikwepa ile milioni moja na laki saba ni kununua taslimu, na hapo kikundi kinasaidia kuliko mtu mmoja. Ipo mikopo isiyo na riba inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Inatolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa, na pa kuanzia ni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Ina safari nyingi za ofisini, sitaficha. Lakini safari kumi za ofisini ni nafuu kuliko majuma 65 ya elfu kumi kwa siku.

Akina mama watano wa jumuiya yetu walifanya jambo moja la busara mwaka jana. Mmoja alipotaka kumnunulia mwanawe pikipiki, walikwenda wawili wawili bila kijana, maduka matatu, siku moja, wakiulizia aina ile ile. Swali lao lilikuwa: "Naomba uniandikie jumla ya kutoka nayo hapa, ina namba na bima, na uigonge muhuri." Duka la kwanza lilikataa kuandika. La pili liliandika Sh. 2,980,000. La tatu liliandika Sh. 2,900,000, lakini walipoisoma vizuri bima haikuwemo. Wakarudi la pili wakiwa na karatasi ya la tatu mkononi, na muuzaji akapunguza Sh. 40,000 na kuongeza kofia ngumu mbili.

Fedha ililipwa benki, si mkononi, na risiti ya mashine ya EFD ikatolewa kwa kiasi chote. Kadi ilipotoka TRA siku kadhaa baadaye, mama alikwenda kuichukua mwenyewe, akasoma jina, namba ya injini na namba ya fremu akilinganisha na zile zilizogongwa kwenye chuma cha pikipiki, huku kijana amechuchumaa anamtajia tarakimu moja moja.