Humu, Hapa na Huku: Neno 'Kwa' Linavyotuficha Chumba

Juma lililopita niliandamana na wanafunzi wangu wanne hadi Nairobi Gallery, lile jengo la mwaka 1913 lililo karibu na Nyayo House, ambamo mmehifadhiwa sanaa alizokusanya marehemu Joseph Murumbi. Tulipotoka, niliwaonyesha kwenye simu picha ya Mmarekani Edward Hopper, Summer Interior, ya mwaka 1909. Nikawaomba waieleze kwa sentensi moja.

"Mwalimu, kuna mwanamke amekaa kwa nyumba," mmoja akajibu.

Sikumcheka. Nairobi nzima husema hivyo, na mimi mwenyewe nikipigiwa simu ndani ya matatu huponyokwa na 'niko kwa gari'. Hata hivyo, katika Kiswahili sanifu 'kwa' ya mahali hufuatwa na mtu: kwa shangazi, kwa fundi. Nyumba si mtu.

Hebu tuitazame picha yenyewe. Mwanamke aliyevaa nusu ameketi chini, juu ya shuka iliyoburutwa kutoka kitandani. Ameinamisha kichwa. Karibu naye, sakafuni, pana kipande cha mwanga. Hopper alifunzwa na Robert Henri, mtetezi mkubwa wa uhalisia, na hapa hakupamba chochote.

Ngeli ya mahali ina viambishi vitatu, na picha hii inavihitaji vyote. MU- ni ya ndani: chumbani mna mwanamke. PA- ni ya mahali mahususi: sakafuni pana mwanga. KU- ni ya mahali pasipodhihirika: nje kuna jua, ingawa hatulioni. Ukisema 'kwa' kotekote, vyote vitatu vimepotea.

Kuna jingine. Katika picha hii mchoraji yumo chumbani, nasi tumo naye. Tunasema 'humu'. Katika Nighthawks, aliyoichora mwaka 1942, tumesimama barabarani usiku tukiwatazama watu walio mkahawani. Hapo tunasema 'mle'. Silabi chache tu zinaamua kama sisi ni wenyeji au ni wachunguliaji.

Je, haya ni mambo ya kitaaluma tu, yasiyomhusu mtu wa kawaida? Nilidhani hivyo nikiwa njiani kurudi, matatu ikijivuta Waiyaki Way. Siku mbili baadaye, yule aliyesema 'kwa nyumba', mkazi wa Kangemi, alinitumia ujumbe kuhusu kwao:

"Humu mnalala watu watano. Penye pazia pana kitanda cha mama. Huku kwingine kote ni kwetu, na jiko pia."

Sijawahi kufika kwao. Lakini sasa najua mama analala wapi, watoto wanabanana wapi, na kwamba aliyeandika yumo humo humo. 'Tunaishi kwa single room' isingeniambia hata moja kati ya hayo.

Walimu wenzangu, tusiifundishe ngeli hii kama jedwali la kukariri. Tuwaambie wanafunzi waeleze vyumba vyao.