Turubai, Kanvasi na Kitambaa cha Viti: Jinsi Ushuru wa Forodha Unavyoamuliwa

Msimu wa kuvuna mahindi unapofika, turubai huwa miongoni mwa bidhaa zinazotafutwa sana katika maduka ya Moi's Bridge. Mkulima hulihitaji kuanika mahindi hadi unyevu ufike asilimia 13.5, kiwango kinachokubaliwa na Halmashauri ya Nafaka na Mazao, NCPB. Mahindi yanayoanikwa kwenye udongo mtupu hushika ukungu na kuingiwa na sumukuvu. Dereva wa lori naye hulihitaji kufunika mzigo, na fundi wa viti vya boda boda na matatu hutafuta kitambaa cha mfano wa ngozi.

Vitambaa vya aina hii vikiagizwa kutoka ng'ambo, sehemu ya bei yake huamuliwa na namba inayoandikwa kwenye stakabadhi za forodha. Namba hiyo ikikosewa, mwagizaji hulipa zaidi ya inavyostahili, au hulipa pungufu na baadaye kudaiwa. Kwa vyovyote vile, gharama humfikia mnunuzi.

Ushuru huu si wa kaunti

Wakazi wengi hutumia neno "ushuru" kwa malipo mawili tofauti. Ada inayotozwa sokoni hukusanywa na serikali ya kaunti. Ushuru wa forodha ni wa serikali ya kitaifa pekee, kulingana na kifungu cha 209 cha Katiba, na hukusanywa na Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA. Afisa wa soko hana uwezo wa kuuongeza wala kuupunguza.

Viwango vyenyewe hukubaliwa na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Umoja wa Forodha ulianza kazi tarehe 1 Januari 2005, na tangu Julai 2022 viwango vikuu vya pamoja ni vinne: asilimia 0, 10, 25 na 35. Kwa jumla, malighafi hutozwa kidogo, na bidhaa zilizokamilika hutozwa zaidi ili kulinda viwanda vya hapa.

Namba hutoka wapi?

Kila bidhaa ina namba katika mfumo wa Shirika la Forodha Duniani, unaotumika tangu 1988. Tarakimu sita za kwanza ni sawa karibu kote duniani, na Afrika Mashariki huongeza mbili. Vitambaa vilivyopakwa au kubandikwa plastiki viko katika Sura ya 59, chini ya namba 5903. Humo, 5903.10 ni vya plastiki ya PVC, 5903.20 ni vya poliyurethani, na 5903.90 ni vya plastiki nyingine.

Hata hivyo, si kila kitambaa chenye plastiki huingia 5903. Maswali yafuatayo ndiyo huamua:

1. Je, plastiki inaonekana kwa macho? Ikiwa haionekani, na kilichobadilika ni rangi tu, kitambaa huhesabiwa kama kitambaa cha kawaida cha pamba, nailoni au poliesta, kila kimoja katika sura yake.

2. Je, plastiki imefunika pande zote mbili kabisa na inaonekana? Ikiwa ndivyo, bidhaa huhamia Sura ya 39, ambayo ni ya plastiki, hata kama ndani yake mna nyuzi. Maturubai mengi mazito ya lori hutengenezwa kwa kitambaa cha namna hii.

3. Je, inakunjika? Kitambaa kisichoweza kuzungushwa kwa mkono kwenye kijiti cha milimita 7, karibu unene wa penseli ya shule, bila kupasuka, katika joto la nyuzi 15 hadi 30, kwa kawaida huhesabiwa kuwa plastiki.

4. Je, kilichopakwa ni plastiki kweli? Kitambaa kilichotiwa mpira huenda 5906. Kilichopakwa vitu vingine, kama mafuta, kwa kawaida huenda 5907.

5. Je, ni robota au bidhaa iliyoshonwa? Kitambaa cha kukata na kushona hakihesabiwi sawa na turubai lililopindwa kingo na kutiwa matundu ya kamba. Maturubai na mahema ya nguo yaliyokamilika yako chini ya 6306.

Tofauti katika shilingi

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mzigo una thamani ya shilingi 100,000 pamoja na nauli na bima. Kwa kiwango cha asilimia 10, ushuru wa forodha ni 10,000, na ushuru wa ziada ya thamani, VAT, wa asilimia 16 kwa jumla ya 110,000 ni 17,600. Malipo yote ni 27,600. Kwa asilimia 25, ushuru ni 25,000 na VAT ni 20,000, jumla 45,000. Tofauti ni shilingi 17,400 kwa mzigo uleule, kabla ya ada nyingine za uagizaji.

Mwagizaji afanye nini?

Kwanza, amwombe muuzaji wa ng'ambo maelezo kwa maandishi: nyuzi ni za nini, plastiki ni ya aina gani, imepakwa upande mmoja au miwili, na uzito kwa kila mita mraba. Neno "turubai" peke yake kwenye ankara halitoshi. Sampuli ndogo pia ihifadhiwe.

Pili, akiwa na shaka, aombe KRA uamuzi wa mapema kwa maandishi kabla ya kuagiza. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaruhusu jambo hilo.

Tatu, asiporidhika na uamuzi, ana siku 30 za kumwandikia Kamishna. Asiporidhika tena, anaweza kwenda katika Mahakama ya Rufaa za Ushuru ndani ya siku 45.

Nne, stakabadhi zote zitunzwe kwa miaka mitano, kwa sababu KRA inaweza kuzikagua hata baada ya mzigo kuuzwa. Anayeagiza kwa kuchangia kasha na wenzake amdai wakala nakala ya stakabadhi za mzigo wake.

Wanaonunua Malaba, Busia, Lwakhakha au Suam wakumbuke kwamba nafuu ya wafanyabiashara wadogo, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni ya bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya. Turubai lililotoka Asia halipati nafuu hiyo kwa sababu tu limepitia Uganda.

Maswali kuhusu namba na viwango yapelekwe KRA. Wakazi wa Moi's Bridge wanaweza kuanzia Huduma Centre za Eldoret na Kitale.