Anwani Inapobeba Kilio: Absalomu katika Riwaya ya Faulkner

Mwalimu mwenzangu, swali la ufaafu wa anwani huwa jepesi mno tukiridhika na jibu kwamba mwandishi "ameazima kutoka Biblia". Kuazima ni mwanzo tu. Yafaa tuulize: alichokiazima amekigeuza vipi?

Hebu tuitazame Absalom, Absalom! (1936), riwaya ya William Faulkner wa jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Mandhari yake ni wilaya ya kubuni ya Yoknapatawpha, enzi za utumwa na za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe (1861–1865).

Kumbuka kisa cha 2 Samweli 13–18. Amnoni anamnajisi Tamari, dadake kwa baba. Absalomu, nduguye Tamari wa tumbo moja, anamuua Amnoni. Baadaye Absalomu anamwasi babake, Mfalme Daudi. Anapouawa vitani, Daudi anamlilia akilirudia jina lake.

Katika riwaya, nafasi ya Daudi inashikwa na Thomas Sutpen, fukara aliyejipatia shamba na jumba kubwa kwa jasho la watumwa. Charles Bon anakusudia kumwoa Judith, bintiye Sutpen. Henry, nduguye Judith, anampiga Bon risasi mwaka 1865. Quentin na Shreve, wanaoviunganisha vipande vya kisa hicho miaka mingi baadaye, wanamwona Bon kuwa mwana wa kwanza wa Sutpen, aliyekataliwa kwa sababu mamake alikuwa na damu ya Kiafrika.

Mfanano ni dhahiri: ndugu anamuua ndugu kwa ajili ya dada. Hata hivyo, uzito wa maudhui umo katika tofauti. Daudi alimlilia mwana aliyetaka kumpindua. Bon hakutaka ufalme. Katika masimulizi ya vijana hao, alingojea tu ishara kwamba babake anamtambua, na ishara hiyo haikuja. Anwani ni kilio cha baba, lakini hatumsikii Sutpen akimlilia Bon. Hicho ni kinaya, na ndicho kinachofichua unyama wa ubaguzi wa rangi: unamzuia mzazi kumwita mwanawe mwana.

Darasani, waelekeze wanafunzi wachore safu mbili: yanayofanana na yanayotofautiana. Kisha waulize: jina limetajwa mara mbili katika anwani, je, ni msisitizo tu, au ni kwa sababu wana waliopotea ni wawili? Atakayelitetea jibu lake kwa ushahidi wa matini ameuelewa mwingilianomatini.