Besi Chini ya Kiatu

Bonasi ya chai ikishaingia, kwa kawaida mwezi wa Oktoba, mahema huanza kuonekana kando ya barabara kutoka Litein hadi Sotik na Bomet. Koito, yaani sherehe ya uchumba, hapa, harusi kule, ibada ya shukrani mbele kidogo. Kila boma linataka muziki, na si kila boma linaweza kugharimia bendi ya watu sita au saba wanaohitaji gari, chakula na malipo. Mpiga gita anayefanya kazi peke yake hupanda matatu na begi lake mgongoni. Shida yake huanza akishafika. Wazee watamsikiliza kwa utulivu akiimba na gita tupu, lakini waliokuja kucheza watabaki vitini, kwa sababu mchezaji hufuata besi na ngoma, na watu husema gita moja halina hivyo viwili.

Ndiyo maana siku hizi pembeni ya kiatu cha mwanamuziki wa namna hii huenda ukaona pedali: kisanduku cha chuma kinachokaa chini, chenye swichi ya kukanyagwa, ambacho waya wa gita hupitia kabla ya kufika kwenye amplifaya. Jina ni moja, lakini tabia zake ni tofauti kabisa, na anayenunua bila kuzitofautisha hujuta. Iko inayopiga ngoma tu. BeatBuddy, iliyotoka mwaka 2014, ni ya aina hiyo: unakanyaga, ngoma zinaanza, unagusa tena, zinatia pambo la kuvukia, unashikilia, zinahamia mdundo wa kiitikio. Iko ya kurudia, ambayo hurekodi ulichopiga sasa hivi na kukizungusha huku ukipiga kingine juu yake. Na iko inayosikiliza kordi zako na kukutungia besi na ngoma papo hapo. Iliyojulikana zaidi katika kundi hili ni DigiTech Trio ya mwaka 2015. Hii ndiyo inayowashangaza watu, kwa hiyo nianze nayo.

Unakanyaga swichi mara moja, unapiga mzunguko wa kordi zako, unakanyaga tena. Mzunguko unaofuata unakuta mpiga besi na mpiga ngoma wamekwisha kujiunga nawe. Kilichotokea ndani ni hiki. Mtetemo wa nyuzi umegeuzwa kuwa umeme, umeme ukageuzwa kuwa namba, kisha kompyuta ndogo ikatafuta mambo mawili katika namba hizo. La kwanza ni wakati: kila nyuzi zinapochapwa sauti hupanda ghafla, na umbali kati ya mpando mmoja na mwingine unaonyesha mwendo wa wimbo. La pili ni noti zilizomo ndani ya kila pigo. Ikikuta C, E na G zikilia pamoja, inaandika kordi ya C. Ikishapata mfuatano wote, inachukua noti ya msingi ya kila kordi, inampa mpiga besi wake, na kupanga ngoma kulingana na mtindo uliouchagua kwa kuzungusha kitufe.

Besi unayoisikia hapo si gita lako lililoshushwa. Ni sauti nyingine kabisa inayotoka kwenye kumbukumbu ya kisanduku. Tofauti hii ina maana kubwa kuliko inavyoonekana, na nitaueleza umuhimu wake baadaye kidogo.

Mitindo ya Trio ya kwanza ilikuwa katika makundi saba: bluzi, pop, roki, roki mbadala, kantri, jazi na R&B. Benga haimo. Rumba haimo. Kantri imo, na kwa watu wa Kericho na Bomet hilo si jambo dogo, maana muziki wa kantri umependwa huku tangu zamani. Wimbo wa kantri unaopigwa kwa kordi tatu, besi ikidunda noti mbili kwa zamu na mkono ukichapa nyuzi katikati, pedali hii inaushika bila taabu. Nyimbo nyingi za kanisani pia. Mtu anayepiga nyimbo hizo tu hana haja ya kusoma zaidi. Kifaa kitamtumikia vizuri.

Lakini kuna jambo moja la historia ya huku ambalo hunirudia kila ninapofikiria kisanduku kinachosikiliza gita. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alifika huku Kapkatet na mitambo yake ya kurekodi. Alikuta nyimbo kuhusu kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu nusu swala, na mojawapo iliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake, wakisindikizwa na chepkong, kinubi cha Kipsigis. Chemirocha alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani aliyeanza kurekodi mwaka 1927 na kufariki mwaka 1933. Santuri zake zilikuwa zimefika huku, na katika nyingi alikuwa peke yake na gita lake. Jina likatamkwa kwa ulimi wa huku hadi likasikika kama jina la nyumbani. Zaidi ya miaka 60 baadaye, maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey nchini Afrika Kusini ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi kuzirudisha rekodi hizo kwa wenyewe.

Sikiliza rekodi ile ya wasichana. Hakuna gita ndani yake, wala mdundo wa kantri. Walimsikia mgeni, wakamkaribisha, kisha wakamwimba kwa sauti zao na kwa nyuzi walizozijua. Pedali inayosikiliza hufanya kinyume chake. Inausikia wimbo wako, halafu inaupiga kwa mdundo inaoujua yenyewe. Ukiipa wimbo wa Kipchamba arap Tapotuk, mwimbaji ambaye Wakipsigis wengi walikua wakimsikiliza kwenye redio, itakurudishia kitu chenye kordi zilezile, lakini hakuna atakayesimama kukicheza.

Sababu ya kwanza iko kwenye vidole. Pedali hupenda kordi iliyochapwa yote kwa mpigo mmoja, wazi, bila mapambo. Wapiga gita wa kwetu wamekuwa na njia nyingine. Mwenda Jean Bosco, ambaye Tracey huyohuyo alimrekodi kule Jadotville, Likasi ya leo nchini Kongo, mwaka 1952 akipiga wimbo wa Masanga, alitumia kidole gumba kwa nyuzi nene na cha shahada kwa nyuzi nyembamba, na kordi yake haikulia yote kwa pamoja. George Mukabi na wenzake wa magharibi mwa Kenya, katika mtindo wa omutibo, waliendeleza njia hiyo: gumba linatembeza besi, kidole kinaimba juu yake, na mara nyingi hivyo viwili haviangukii mahali pamoja. Kompyuta inayotafuta C, E na G kwa wakati mmoja hukuta noti zilizotawanyika, ikakisia, na mara nyingi hukosea. Tena huhesabu tatu au nne. Kuna nyimbo zetu ambazo mapigo yake kumi na mawili unaweza kuyasikia kama manne ya tatutatu au sita ya mawilimawili, na mchezaji hodari huyacheza yote mawili kwa mwili uleule. Kisanduku lazima kichague moja.

Sababu ya pili ni ya benga, nayo ni nzito zaidi. Katika muziki wa kantri au pop, besi huweka msingi: inakaa chini ya kordi na kutii. Katika benga, besi hubishana. Inajibu sauti ya mwimbaji, inakimbizana na gita la solo, inanyamaza ghafla na kurudi nusu pigo baadaye, na wimbo ukifika kileleni, maneno yakaachwa na magita yakafunguliwa, besi hiyo ndiyo inayoinua watu. Noti ya msingi ya kordi iliyorudiwa kwa utiifu haiwezi kufanya kazi hiyo. Mpiga besi asiyekupinga hawezi kupiga benga, hata awe na sauti nzuri namna gani.

Tumfanyeje basi mpiga gita wetu pale Sotik? Kabla ya kumjibu, natazama upande wa magharibi, kwa majirani ambao kwa miaka mingi wamekuja kuchuma chai katika mashamba makubwa ya Kericho. Mpiga nyatiti wa Kijaluo hukaa chini na ala yake ya nyuzi nane, vidole vyote vikiwa kazini. Kwenye kidole gumba cha mguu huvaa pete nzito ya chuma, na kwa pete hiyo hugonga mbao za nyatiti. Mguuni pia huwa na njuga za gara. Mtu mmoja, na kuna mwimbaji, nyuzi, ngoma na kayamba. Kule Marekani mwanamuziki Jesse Fuller alilifikia wazo hilohilo kwa njia yake: alijitengenezea fotdella, besi kubwa ya kupigwa kwa mguu, akaipiga huku mikono ikiwa kwenye gita. Na wapiga gita wa Kenya wa miaka ya 1950 na 1960 walikuwa na suluhisho rahisi kuliko yote: mwenzao mmoja alikwaruza chupa ya Fanta yenye mifereji, na rekodi nyingi za wakati ule zina mlio huo tangu mwanzo hadi mwisho.

Katika mifano hii, ukiacha fotdella iliyobeba hata besi, kazi ya kutunza mwendo ndiyo iliyohamishwa kutoka mikononi, ikapewa mguu au chupa. Besi ya wapiga gita wa Kenya ilibaki kwenye gumba. Mimi naona mgawanyo huo ndio wa kufuatwa hata leo: pedali ipewe kazi ya chupa ya Fanta, na besi ibaki mkononi. Pedali ya ngoma tu, ambayo wengi huidharau kwa kuwa haina ujanja wa kusikiliza, inafaa zaidi hapa. BeatBuddy ina nafasi ya kadi ya kumbukumbu, na mtu mwenye kompyuta anaweza kujitengenezea mdundo wake na kuutia humo. Mdundo wa wimbo wa Kipsigis uliotengenezwa na mtu anayeujua, hata ukiwa wa kengele na ngoma ya mguu tu, utawaamsha watu kuliko ngoma hamsini za kiwandani.

Na kama gumba halisikiki? Hapa ndipo ile tofauti niliyoitaja inapohusika. Uzi mnene wa gita, ukiachwa wazi, hutetemeka kama mara 82 kwa sekunde. Ule wa besi hutetemeka mara 41. Pedali ya oktava, kama OC-2 ambayo Boss waliitoa mwaka 1982, huchukua noti yako na kuongeza nyingine yenye mtetemo wa nusu yake. Hiyo ni besi yako wewe, na ubishi wako umo ndani yake. Ila pedali za zamani za aina hii husikia noti moja tu kwa wakati. Ukigusa nyuzi mbili huanza kugugumia. Kwa hiyo rekodi kwanza gumba peke yake, kupitia oktava, kwenye pedali ya kurudia, kisha uzime oktava na upige solo juu ya mzunguko huo.

Kwenye pedali ya kurudia, mguu hausamehewi. Wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika una pigo moja kila nusu sekunde, na mzunguko wa mapigo 16 huchukua sekunde nane. Ukichelewa kukanyaga kidogo tu, ile nafasi tupu itarudi kila baada ya sekunde nane, zaidi ya mara 35 katika wimbo wa dakika tano, na wachezaji watajikwaa hapo bila kujua wamejikwaa wapi. Njia ya kujizoeza ni kuanza na mapigo manne tu, huku ngoma zikiendelea, na kukanyaga pamoja na pigo la kwanza la mzunguko unaofuata, si baada ya pigo la mwisho la ule unaokwisha. Waliozoea kupiga ngoma za kanisa hujifunza haraka kuliko waliozoea gita.

Spika nazo zina neno lake. Amplifaya ya gita haikujengwa kubeba mitetemo 41 kwa sekunde; ukiilazimisha, itakoroma. Trio ina matundu mawili ya kutolea sauti kwa ajili hiyo, moja la amplifaya na jingine la mikisa, ili besi na ngoma ziende kwenye spika kubwa. Mwenye pedali nyingine anaweza kuazima mikisa ya kanisa. Umeme pia: pedali hizi za kidijitali hunywa sana, na betri ndogo ya volti tisa haifikishi sherehe mwisho, kwa hiyo beba adapta yake halisi na waya mrefu.

Halafu kuna mvua. Huku hunyesha sana alasiri, na mara nyingine huja ya mawe. Inapoanza kupiga mabati, sauti za chini ndizo za kwanza kupotea. Unaona spika inatikisika na husikii kitu. Kuongeza sauti hakusaidii, na maji yakikaribia waya ni hatari. Zima vyote, chomoa, funika pedali kwa karatasi ya nailoni. Gita la mbao halihitaji umeme. Sogea nalo karibu na watu waliojibana katikati ya hema, upige kwa gumba na kidole, na umwombe mtoto mmoja akutafutie chupa ya soda na msumari.