Kuku wako anaatamia? Usimwachie mayai ya siku tofauti

Kuku hatoki kwenye kiota, amevimbisha manyoya na ukimsogelea anadonoa. Huyo yuko tayari kuatamia. Hapo ndipo wafugaji wengi wa nyumbani wanapokosea: wanaacha kuku wengine waendelee kutaga kwenye kiota hicho hicho.

Shida iko wapi? Yai huanguliwa baada ya kama siku 21, na hesabu inaanza pale linapoanza kupata joto la mama. Vifaranga wa kwanza wakishatoka, mama ananyanyuka nao. Mayai yaliyochelewa yanapoa, na vifaranga wanafia ndani.

Fanya hivi:

– Kusanya mayai safi ambayo hayajapita siku 7. Yaweke mahali pa ubaridi, ncha iangalie chini.
– Mwekee kuku mayai 10 hadi 13 kwa mkupuo mmoja, jioni.
– Yawekee alama kwa penseli. Kila siku, lisilo na alama liondoe.
– Siku ya 7 usiku, mulika kila yai kwa tochi ya simu. Ukiona mishipa myekundu, kifaranga anakua. Likiwa jeupe tupu, litoe.

Maji na chakula viwe karibu, maana mama hutoka kwa dakika chache tu kwa siku.

Wakianza kutoka, usiwaharakishe. Kifaranga ana akiba ya kiini tumboni, anaweza kukaa siku nzima bila kula. Ila chanjo ya mdondo usiisahau: ugonjwa huo unaweza kumaliza banda zima.