Kidonda cha Ncha ya Kidole

Wanachama wenzetu, karafuu ni kazi ya vidole. Shada huchumwa kwa mkono, na jioni huchambuliwa kwa mkono, karafuu huku na makonyo huku. Kwa hiyo twaona yafaa kusema machache juu ya jeraha ambalo wengi hulidharau, yaani kukatwa ngozi ya ncha ya kidole kwa panga au kisu.

Jeraha hili hutoka damu nyingi kuliko ukubwa wake, kwani ncha ya kidole imejaa mishipa midogo. Msiingiwe na hofu. Kwanza vueni pete, kabla kidole hakijavimba. Kisha kandamizeni jeraha kwa kitambaa safi, mkono umeinuliwa juu, kwa dakika 10 kamili, bila ya kufunuafunua kutazama. Msifunge uzi wala mpira katika shina la kidole. Ukisahauliwa, kidole huweza kufa.

Damu ikikatika, osheni jeraha kwa maji safi yanayotiririka mpaka udongo wote utoke. Ngozi iliyoning'inia msiikate, bali irudisheni mahali pake. Pakeni mafuta safi ya mgando ili kitambaa kisigandame, funikeni kwa shashi, na mfunge bendeji bila ya kukaza.

Ama desturi ya kutia majivu, unga wa kahawa au udongo, na iachwe, kwani huingiza uchafu. Hata mafuta yetu ya karafuu yasitiwe. Ni kweli hutuliza jino, lakini yakiwa makali huunguza nyama mbichi.

Kidonda kisichozidi upana wa sentimita 1, wala hakionyeshi mfupa, kwa kawaida hupona bila ya kushonwa. Ngozi ya kando hujivuta kidogo kidogo ikaziba pengo, kwa muda wa wiki 3 hadi 6 hivi.

Lakini nendeni hospitali siku hiyo hiyo ikiwa mfupa waonekana, ukucha umeng'oka, kidole hakikunjiki au kimekufa ganzi, au damu haikatiki baada ya kukandamizwa dakika 15. Kipande kilichokatika kifungeni katika kitambaa safi chenye unyevu, mkitie katika mfuko wa plastiki, na mfuko muuweke juu ya barafu. Kipande chenyewe kisiguse barafu. Siku zifuatazo, kidole kikivimba, kikipwita au kikitoa usaha, rudini kwa daktari. Mwenye kisukari asingoje hata hayo.

Tena kuna pepopunda, ugonjwa unaoua, ambao vijidudu vyake hukaa udongoni. Aliyekatwa kwa panga la shambani, na imepita miaka 5 tangu sindano yake ya mwisho, au hakumbuki kama alipata kudungwa, aende akaulize sindano hiyo bila ya kuchelewa.

Neno la mwisho ni kwa wenye mashamba. Mchumaji hulipwa kwa kipimo cha alichochuma, basi wengi huficha kidonda wasipoteze ujira, wakaendelea kuchuma mpaka kidole kioze. Akija mtu amejikata, mpeni kazi ya mkono mmoja kwa siku chache, kama kulinda karafuu zilizoanikwa au kuhesabu mapishi, wala msimkate ujira. Wiki moja ya kumwangalia ni nafuu kuliko msimu mzima wa mchumaji asiye na kidole.